Maswali ya Wasomaji: Jumba la Shamba Linauzwa, Lipu Inabanduka

SWALI: Assalaam alaykum. Huku Dunga linauzwa jumba la zamani la ghorofa moja, kuta za mawe na chokaa, dari za boriti. Mabati yametoboka, na lipu ya saruji iliyopigwa baadaye inabanduka mapande kwa mapande. Muuzaji anasema ni kazi ya lipu na rangi tu. Nikague nini kabla sijatoa pesa? — M.S., Fuoni

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Lipu iache mwisho. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji kisha huyatoa kidogo kidogo. Saruji inaziba njia hiyo, chumvi inajikusanya nyuma yake na kuisukuma nje, na chokaa iliyoshika mawe inalainika bila wewe kuona. Ukipiga saruji tena, masika machache tu utabandua tena, na ukuta utakuwa dhaifu zaidi.

Nenda ukalitazame mvua ikinyesha. Yafuate maji kutoka kwenye bati hadi mlizamu (mfereji wa maji ya paa), na kutoka mlizamu hadi msingi. Yakituama ukutani, hapo pana gharama. Kisha panda uchome kila boriti kwa bisibisi, pale inapoingia ukutani, maana ncha ndiyo huoza kwanza. Boriti nzima inakataa. Iliyooza inapokea bisibisi kama muhogo uliochemshwa. Usiruke zilizo chini ya matundu ya bati na zilizo karibu na choo. Tafuta na njia za mchwa.

Ning'iniza timazi (uzi wenye kizito chini) kutoka juu, upime umbali wake na ukuta kila nusu mita. Ukuta uliotoka tumbo katikati huenda umeachana tabaka la nje na la ndani: mwite mhandisi kabla ya fundi. Kwenye ufa, bandika kipande chembamba cha jasi kikatize pande zote mbili na uandike tarehe. Kikikatika, ukuta bado unatembea. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la Mji Mkongwe, pamoja na umaarufu wake wote, ilianguka sehemu mnamo Disemba 2020. Majumba haya hayavumilii kuachwa.

Karatasi nazo. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, kwa hiyo unanunua nyumba na haki ya kuitumia ardhi. Anzia kwa sheha, kisha Kamisheni ya Ardhi. Uliza kama nyumba ni ya wakfu, kama ni mirathi isiyogawiwa (saini ya mrithi mmoja haitoshi), na minazi na mikarafuu iliyozunguka ni ya nani, kwani mti unaweza kuwa na mwenyewe mwengine. Kama shamba ni la eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, msimalizane barazani.

Ukinunua, anza na paa na milizamu, kisha boriti, kisha ubandue saruji kwa tindo na nyundo ndogo, bila mashine. Uache ukuta ukauke kiangazi kizima. Lipu mpya ni ndoo 1 ya chokaa iliyolowekwa shimoni miezi mitatu kwa ndoo 3 za mchanga uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi, usiuguse. Ukuta wa mita 4 kwa 3, unene wa sentimita 2, unataka kama ndoo 12 za mchanga na 4 za chokaa, za lita 20, na ongeza robo kwa sababu mawe hayako sawa. Piga tabaka mbili, wiki moja au zaidi baina yake, kila moja ifunikwe magunia yenye maji siku kadhaa. Ikikauka kwa haraka inapasuka, na mafundi wengi hukimbilia kuitia saruji hapo. Mkatalie fundi wako.

SWALI: Boriti nne za chumba cha juu zimepinda. Fundi anataka kumwaga zege juu ya sakafu ya zamani. — Msomaji, Wete

JIBU: Asimwage. Zege la sentimita 10 kwenye chumba cha mita 3 kwa 5 ni karibu tani 3.6, juu ya sakafu ya chokaa ambayo tayari ni nzito na boriti zilizochoka. Egemeza dari kwa nguzo na ubao mrefu, ubadilishe boriti moja moja. Ncha iingie ukutani angalau sentimita 20, iachiwe nafasi ya hewa, isizungushiwe saruji. Boriti za mikoko zinauzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Nunua zilizokatwa kwa kibali cha misitu.

SWALI: Mti umeota ukutani. Niung'oe? — Msomaji, Bububu

JIBU: Usiuvute, mizizi itatoka na mawe. Ukate karibu na ukuta, pakaza dawa ya kuua miti kwenye kisiki papo hapo, na usubiri mizizi ife. Halafu toa inayotoka kwa mkono tu, na uzibe mashimo kwa chokaa na vipande vya mawe.