Kabla mama yako hajang'olewa jino la tatu

Dada, umesema mama yako ana miaka 58, ameng'olewa magego mawili upande wa kulia, maumivu yako palepale, na keshokutwa anang'olewa la tatu. Naomba msubiri kwanza, huenda si jino bali ni neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu. Njia hiyo nimeipita mimi, miaka mitatu na nusu.

Yangu yalianza natia udhu wa alfajiri. Maji yalipogusa pembeni ya pua nikapigwa shoti, kama nimeshika waya ulio wazi, ikashuka hadi meno ya juu. Sekunde chache, kwisha. Nikaenda kliniki ya meno nikasema, "Gego linaniuma." Naamini neno hilo ndilo lililotuchelewesha, maana ukitaja jino, daktari ataangalia jino. Eksirei haikuonyesha kitu, likang'olewa hivyohivyo. Nikapata nafuu ya wiki mbili, kumbe maumivu haya huwa yanapumzika yenyewe. Yakarudi, likang'olewa la pili. Baadaye nikaambiwa ni sainasi, nikameza antibayotiki mara nne. Nyumbani wakasema kipanda uso, shangazi akanipeleka kuchanjwa chale. Kwenye daladala nilijifunika uso kwa khanga ili upepo usiniguse. Nilipungua kilo 11 kwa kuogopa kutafuna.

Aliyegundua ni daktari kijana wa zamu, kwa maswali tu. Maumivu yanakaa muda gani? Nini kinayachokoza? Yakipita unabaki mzima? Yanahamia upande wa pili? Nikamjibu: sekunde; kuguswa kidogo tu, mswaki, hata kuongea; mzima kabisa; hapana. Akasema hili si jino, ni neva ya trijemino, yaani neva ya tano katika zile zinazotoka kwenye ubongo. Ina matawi matatu: la paji la uso, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Mara nyingi mshipa wa damu unaigandamiza karibu na shina la ubongo mpaka ganda lake linalika. Matawi hayo mawili ya chini ndiyo yanayobeba hisia za meno, kwa hiyo jino zima linauma kama bovu.

Diklofenaki, ile dawa ya kawaida ya maumivu, haikuwahi kunisaidia. Nilipewa kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo inatumika kwa maumivu haya tangu miaka ya 1960. Nilianza na miligramu 100 asubuhi na jioni, na siku ya nne nilinawa uso kwa viganja viwili huku nalia. Inaleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo mama asiinuke haraka. Akitokwa na upele arudi hospitali siku hiyohiyo, na asiiache ghafla. Daktari aambiwe dawa zote anazotumia, kwa sababu inagongana na nyingi. Mimi nilipimwa pia MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuhakikisha hakuna uvimbe unaobana neva.

Jino bovu kweli lipo, sikatai. Lakini hilo kwa kawaida linapwita kwa saa nzima, linakukosesha usingizi, na ukiligonga linauma. La mama linakuja kama radi na kupotea? Basi mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mkifika asiseme "jino". Aseme shoti, aonyeshe kwa kidole inapoanzia na inapoishia. Ikimpiga akiwa nyumbani, mrekodi kwa simu, ili daktari aone mwenyewe.