Bustani ya Nyumbani Msimu wa Kaskazi: Shughulika na Udongo Kwanza

Mvua za vuli zikishakatika, wengi wetu huku Dar es Salaam tunaziacha bustani. Utasikia, "Tusubiri masika." Mimi sikubaliani na hilo. Januari hadi katikati ya Machi unaweza kula mboga zako mwenyewe kila wiki, ilimradi ujue kwamba kazi kubwa ya kipindi hiki iko chini, kwenye udongo. Majani yatajitunza mizizi ikiwa salama.

Udongo wetu wa pwani, sehemu nyingi, ni kichanga. Ukimwaga ndoo ya maji, yanazama moja kwa moja, na yanayobaki juu yanakaushwa na jua pamoja na upepo. Mchana joto linafika nyuzi 32 au 33, na udongo ulio wazi unachemka kuliko hewa yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kufikiria mbegu, changanya samadi iliyooza vizuri kwenye tuta. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi, na joto hili linazidisha. Kisha weka matandazo: nyasi kavu, majani ya mwembe, chochote kikavu kisicho na mbegu za magugu, unene wa sentimita 5 hadi 10. Acha nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaoza, na kila baada ya siku chache funua uangalie mchwa. Kwa wanaopanda kwenye ndoo na madumu, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yanafaa sana.

Kumwagilia ndiko kunakowashinda watu. Kunyunyizia kidogo kidogo kila siku kunalowesha juu tu, na mizizi inabaki juu huko huko, kwenye joto. Mwagilia alfajiri, taratibu, shinani, mpaka maji yashuke. Kesho yake chomeka kidole kwenye udongo. Kikikuta unyevu, acha. Ukiona bamia au bilinganya imelegeza majani saa nane mchana, usikimbilie ndoo. Mmea unajihami tu na jua. Uangalie tena jioni: ukiwa bado umelegea, hapo ndipo una kiu kweli. Na kama unatumia mpira wa maji uliolala juani, acha maji ya mwanzo yatoke pembeni, maana yanaweza kuwa moto wa kuunguza miche.

Kuna jambo halizungumzwi vya kutosha: maji ya kisima yenye chumvi. Dalili zake ni ncha za majani kukauka na ukoko mweupe juu ya udongo. Ukiwa na maji ya aina hiyo, usiyamwage juu ya majani, na mwagilia kwa wingi kwa mkupuo ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Spinachi inavumilia vizuri, maharage hayawezi kabisa. Maji ya bomba yakitoka, yakinge ya kutosha kwa ajili ya miche, kwani ndiyo dhaifu zaidi.

Chagua mimea inayolipenda jua. Mchicha unachumwa ndani ya wiki tatu au nne. Bamia, kunde, bilinganya, pilipili na matembele vyote vinastahimili. Nyanya ndiyo inayowaumiza watu roho: inachanua vizuri, halafu maua yanapukutika. Huo si ugonjwa, ni joto la usiku, na hakuna dawa ya dukani itakayolipunguza. Hifadhi pesa yako. Miche ya nyanya naisia kitaluni mwezi wa tano, ichanue wakati wa kipupwe.

Miche yoyote uihamishe jioni, na uitengenezee chanja ya makuti kwa wiki ya kwanza. Makuti yawe machache, jua la asubuhi lipenye.

Majani yakianza vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba kama wa buibui upande wa chini, huyo ni utitiri mwekundu, anayestawi kwenye ukavu na joto. Mpige kwa maji ya nguvu chini ya majani, asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Akizidi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo. Nyunyizia jioni, kwa sababu jua linaua nguvu ya mwarobaini haraka.

Mawingu ya masika yakianza kujikusanya mwezi wa tatu, ondoa makuti, yachanganye na udongo matandazo yaliyokwisha kuoza, na uinue matuta. Chimba na mfereji wa kutolea maji mapema, udongo ukiwa bado mkavu na jembe linapita.