Maswali na Majibu ya Kompyuta: Pawasaplai Ipi Itakubali Kwenye Kompyuta ya Zamani?

SWALI: Salaam mzee wetu. Nina steshenari ndogo hapa Korogwe, na kompyuta ninayoitegemea kwa kuchapa barua na mitihani ya shule ni Dell OptiPlex 7010, ile ndefu ya kusimama, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Wiki iliyopita umeme ulikatika jioni, na uliporudi taa ziling'aa kupita kawaida, kompyuta ikazima papo hapo. Tangu siku hiyo haiwaki kabisa. Fundi mmoja anasema pawasaplai imekufa na ananishauri ninunue ya wati 600 ili isizidiwe tena. Fundi wa pili ana pawasaplai halisi ya Dell aliyoitoa kwenye OptiPlex 9020, na anasema Dell ni Dell, itaingia tu. Yangu imeandikwa wati 275. Nimfuate nani?
Mwenye steshenari, Korogwe

JIBU: Ndugu yangu wa Korogwe, pole sana kwa kusimama kwa kazi. Kabla sijakuambia umfuate nani, nakuomba uhakikishe kwanza kwamba kilichokufa ni pawasaplai yenyewe, yaani kile kisanduku kinachougeuza umeme wa ukutani kuwa ule unaotumiwa na kompyuta, kwa sababu umeme unaorudi kwa nguvu unaweza kuua pawasaplai peke yake, unaweza kuua ubao mama, yaani ile bodi kubwa inayounganisha vifaa vyote, peke yake, na wakati mwingine huondoka na vyote viwili. Ukinunua pawasaplai mpya na kuifunga juu ya ubao uliokwisha kuungua, fedha yako itakuwa imepotea bure.

Kwa bahati nzuri, kompyuta yako imetengenezwa na kipimo chake. Itazame kwa nyuma, karibu na mahali pa kuchomeka waya wa umeme, utaona kitufe kidogo na taa ndogo kando yake. Chomeka waya kwenye soketi ambayo umekwisha kuijaribu kwa pasi au taa ya mezani, kisha ubonyeze kitufe hicho. Taa ikiwaka kijani, pawasaplai ina uhai na ugonjwa uko kwingine. Isipowaka, chomoa waya ukutani, fungua kasha, toa plagi zote zinazotoka kwenye pawasaplai kwenda kwenye ubao mama, diski na kisomaji cha DVD, halafu rudisha umeme na ubonyeze tena. Ikiwaka safari hii, ndani mna kifaa kilichopiga shoti kinachoifanya pawasaplai ijizime, na kazi yako itakuwa kurudisha plagi moja moja, ukichomoa waya wa ukutani kila mara kabla ya kugusa chochote, mpaka umjue mkorofi. Ikibaki giza hata inapokuwa peke yake, fundi wako wa kwanza amesema kweli. Lakini usimruhusu mtu aifungue ili kuichokonoa kama hana ujuzi huo, maana kapasita zake kubwa, yaani vile vifaa vinavyohifadhi umeme, zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Sasa nizungumzie ushauri wa fundi wa pili, kwa kuwa ndio wenye kasoro iliyojificha. Dell si Dell. OptiPlex 7010 ilitoka mwaka 2012, na bado inatumia plagi kuu ya kawaida yenye pini 24, pamoja na plagi ndogo ya pini 4 inayoipa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, umeme wake. OptiPlex 9020 ilitoka mwaka 2013, mwaka mmoja tu baadaye, na ukiifungua utakuta plagi kuu imekwisha kubadilishwa, ina pini 8. Pawasaplai yake hutoa volti 12 peke yake, na zile volti 5 na 3.3 hutengenezwa na ubao mama wenyewe, kiasi kwamba hata diski hupokea umeme kutoka kwenye ubao. Ubao wako wewe unasubiri volti 12, 5 na 3.3 zote zije zikiwa tayari. Kwa hiyo pawasaplai ya fundi huyo, ingawa ni halisi na pengine ni nzima kabisa, haina cha kukupa. Jina lililobandikwa mbele ya kasha halisemi lolote kuhusu plagi iliyo ndani, na hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote.

Umesema yako ni ile ndefu ya kusimama, na hilo ni jambo la kushukuru. 7010 ilitengenezwa kwa maumbo kadhaa, na zile nyembamba zina pawasaplai ya umbo lake lenyewe, ya wati 240, ambayo haibadilishiki na ile ya kawaida; mwenye nayo hana budi kutafuta ya umbo lilelile. Yako hupokea pawasaplai ya ATX, yaani ya mtindo ulioanzishwa na Intel mwaka 1995: upana milimita 150, kimo milimita 86, na matundu manne ya skrubu kwa nyuma. Kina cha kawaida ni milimita 140, lakini zile za wati nyingi huwa na kina cha milimita 160 au zaidi, na ndani ya kasha lako nyaya za pawasaplai ndefu zitakandamizwa kwenye kisomaji cha DVD. Chukua rula, ipime ile ya zamani, uende dukani na karatasi yenye vipimo vyako.

Tuje kwenye wati 600. Tufanye hesabu pamoja. Kompyuta za namna yako nyingi zilifungwa prosesa kama Core i5-3470, ambayo kikomo chake cha joto na matumizi ni wati 77. Diski kuu hutumia wati zisizozidi 10 ikishaanza kuzunguka, ingawa katika zile sekunde za kwanza huvuta ampea 2 hivi kwenye volti 12. Ongeza kisomaji cha DVD, kumbukumbu, feni, ubao wenyewe, na vile unavyochomeka kwenye matundu ya USB. Hata ukikisia kwa ukarimu hutazidi wati 160. Waliokufungia ya wati 275 hawakukupunja. Haikufa kwa kuzidiwa na mzigo. Ilikufa kwa umeme ulioingia kutoka nje, na hata ingekuwa ya wati 600 ingeweza kufa jioni ileile.

Jambo linalonitia uchungu ni kwamba nyingi kati ya pawasaplai za bei ya chini zinazoandikwa 600 kwa tarakimu kubwa si za wati 600. Ninayo moja hapa mezani ninapoandika. Ni nyepesi, unaweza kuiinua kwa vidole viwili, na nyaya zake ni nyembamba kama za chaja ya simu. Lebo ya ubavuni ina jedwali dogo, na humo, kwenye safu ya +12V, imeandikwa 14A. Zidisha 14 kwa 12, unapata wati 168. Prosesa, diski na feni vyote hula kutoka kwenye safu hiyo ya volti 12, kwa hiyo hicho ndicho kipimo cha kweli cha nguvu utakayoitumia. Ile tarakimu kubwa ya juu imewekwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Pawasaplai ya wati 300 hadi 400 ambayo jedwali lake linaonyesha ampea 18 au zaidi kwenye volti 12 itakutosha, na utabakiwa na nafasi hata ukiongeza diski ya pili au kadi ndogo ya picha kama GT 1030, ambayo hutumia wati 30 tu na haihitaji waya wake wa pekee. Ukikuta alama ya 80 PLUS iliyo ya kweli ni vizuri, maana yake angalau asilimia 80 ya umeme inaouvuta ukutani inafika kwenye kompyuta na unaobaki ndio unaopotea kama joto. Lakini usiipokee alama hiyo badala ya kusoma jedwali.

Iangalie pia mikia yake. Plagi kuu za siku hizi mara nyingi huandikwa 20+4, zikiwa na kipande cha pini 4 kinachojitenga. Wewe utaviunganisha viwe 24. Plagi ya prosesa huja ikiwa ya pini 8 inayogawanyika mara mbili, nawe utatumia nusu moja. Uwe mwangalifu hapa: kuna plagi nyingine ya pini 6 au 8, ya kadi ya picha, inayofanana nayo sana, lakini mpangilio wa nyaya zake umegeuzwa, pale penye volti 12 pakawa hasi. Ikigoma kuingia, usiisukume. Soma maandishi yake madogo. Ya prosesa huandikwa CPU na ya kadi huandikwa PCI-E.

Kabla ya kuifunga ndani ya kasha, mwombe muuzaji aipime mbele yako. Huunganishwa waya wa kijani na mmoja wa nyaya nyeusi kwenye plagi kuu kwa kipande cha waya, feni ikazunguka, kisha mita huwekwa kwenye waya wa njano, mwekundu na wa rangi ya chungwa. Wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa chungwa kati ya 3.14 na 3.46. Isiyofikia hapo ikiwa haina mzigo wowote irudishwe palepale. Na umeme ukikatika tena Korogwe, nenda ukachomoe plagi ukutani, na usiirudishe mpaka umeme uliorudi uwe umetulia dakika chache.

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu aliniletea kompyuta ya mezani kutoka Marekani, ya miaka mingi kidogo. Niliichomeka hapa nyumbani Mombasa kwa adapta ya plagi, ikapiga mlio kama baruti na moshi ukatoka nyuma. Je, yote imekwisha?
Kijana wa Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Angalia nyuma yake, juu au kando ya mahali pa waya. Bila shaka utaona swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230, nayo imeelekezwa kwenye 115. Umeme wa Marekani ni wa volti 120, wa Kenya ni 240. Swichi hiyo ikiwa kwenye 115, mzunguko wa ndani hurudufu volti zinazoingia, jambo ambalo ni sahihi kwa umeme wao mdogo. Kwa umeme wetu, kapasita zilizotengenezwa kustahimili volti 200 kila moja zilipigwa na zaidi ya 300. Huo ndio mlio uliousikia. Adapta uliyotumia ilibadilisha umbo la plagi tu, umeme ukapita vilevile ulivyo.

Usikate tamaa, kwa kuwa mara nyingi mlipuko huo huishia upande wa kuingilia umeme, fyuzi ikakatika kabla madhara hayajavuka kwenda kwenye ubao mama. Badilisha pawasaplai kwa kufuata yale niliyomweleza mwenzako wa Korogwe, na uchague isiyo na swichi, iliyoandikwa kwenye lebo kwamba inapokea volti 100 hadi 240. Ikiwa kompyuta hiyo ni ya Dell ya kati ya mwaka 1998 na 2000, simama kwanza: katika miaka hiyo walitumia plagi yenye umbo lilelile la ATX huku nyaya zake zikiwa zimepangwa kwa namna yao wenyewe, hivyo pawasaplai ya kawaida huingia vizuri kabisa kisha ikaunguza ubao mara tu unapowasha.

SWALI: Karakana yetu ya kudarizi hapa Arusha ina mashine inayoongozwa na kompyuta ya zamani yenye prosesa ya Athlon XP. Tumeifunga pawasaplai mpya ya wati 450 ya kuaminika, plagi zimekubali, lakini inawaka na kuzima yenyewe tukianza kazi. Ya zamani ilikuwa ya wati 300 tu na ilifanya kazi miaka mingi. Tatizo ni nini?
Msimamizi wa karakana, Arusha

JIBU: Ndugu msimamizi, chungulia ubao mama karibu na prosesa. Kama hakuna tundu la plagi ya pini 4 lenye nyaya za njano na nyeusi, basi prosesa yenu haili volti 12 bali volti 5, na ile hesabu niliyoifanya hapo juu inageuka. Plagi hiyo ya pini 4 ilianza kuenea baada ya mwaka 2000, na mbao nyingi za Athlon XP hazikuwa nayo. Prosesa ya aina hiyo huvuta wati 60 hadi 70. Kwenye volti 5 hiyo ni kama ampea 14, kabla ya kuhesabu upotevu na vifaa vingine. Pawasaplai za leo hujengwa zikiwa na nguvu nyingi kwenye volti 12, na upande wa volti 5 huachiwa ampea 15 au 20, tena zikigawana kikomo kimoja na volti 3.3. Ile yenu ya zamani, ingawa ilikuwa na wati chache, bila shaka lebo yake inaonyesha ampea 25 hadi 30 kwenye volti 5. Itafuteni muisome.

Tafuteni pawasaplai ambayo jedwali lake lina angalau ampea 25 kwenye +5V; huenda mkalazimika kununua ya zamani iliyotunzwa vizuri, na hiyo ipimwe na fundi kapasita zake kabla ya kufungwa. Angalieni pia kama kadi inayoongea na mashine ya kudarizi imechomekwa kwenye tundu refu jeusi la ISA, yaani la mtindo wa zamani wa kuchomekea kadi. Baadhi ya kadi hizo huhitaji volti hasi 5 kupitia waya mweupe, ambao pawasaplai mpya hazina tena, na bila waya huo kompyuta itawaka vizuri lakini kadi inaweza isifanye kazi.