Mwanangu anakojoa kwa matone: je, upasuaji utamponya?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi miwili. Anakojoa matone matone huku akijikamua na kulia. Bibi yake alisema ni chango. Ultrasaundi imeonyesha figo zote mbili zimevimba na ukuta wa kibofu ni mnene. Tumeambiwa ana vali kwenye njia ya mkojo. Ni kitu gani, na akifanyiwa upasuaji atapona kabisa?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Chango halivimbishi figo. Vali hizo ni utando mwembamba ulioota akiwa bado tumboni, ndani ya njia ya mkojo, chini kidogo ya kibofu. Mpira wa kutolea mkojo ukiingizwa kutoka nje kwa kawaida hupita, lakini mkojo ukishuka kutoka ndani huutunisha utando kama tanga lililoshika upepo, njia ikazibwa. Ni ugonjwa wa wavulana pekee, takriban 1 kati ya 5,000 hadi 8,000 wanaozaliwa, na hakuna ulichokula au kufanya kilichouleta.

Kibofu kinachosukuma dhidi ya kizuizi hunenepa na kukakamaa, na shinikizo hupanda hadi kwenye figo. Yote haya yalianza tangu mimba. Kwa hiyo, upasuaji utafungua njia, lakini sehemu ya figo iliyokwisha kuharibika haitarudi. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba akitoka theatre mambo yamekwisha.

Kwanza awekewe mpira laini mkojo utoke, apimwe kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) na chumvi za damu, apewe dawa za kuzuia maambukizi. Mkojo ukishafunguka huweza kumwagika kwa wingi, kwa hiyo atahitaji maji ya dripu yanayopimwa kwa makini. Baadaye hupigwa eksirei ya kibofu kwa dawa maalumu, kisha vali hukatwa kwa kamera ndogo inayopitia njia ya mkojo, bila kidonda nje. Kama kamera ya saizi yake haipo, daktari anaweza kutoboa tundu la muda chini ya kitovu, mkojo ukatokea hapo na kuingia kwenye nepi. Kina mama wengi huliogopa tundu hilo, lakini huzilinda figo vizuri.

Kliniki ni ya miaka yote, hata akionekana mzima. Kreatinini ikishuka chini ya 0.8 mg/dl katika mwaka wa kwanza, tuna matumaini mazuri. Wako wanaofikia figo kushindwa kazi, wengine ukubwani. Huenda akachelewa kuacha kujikojolea. Hicho ni kibofu, si ukaidi, asichapwe. Wala usimnyime maji, kwani figo zake zinaweza kuyapoteza kwa wingi.

Kwa sasa msisubiri tarehe ya upasuaji nyumbani bila mpira. Akipata homa, akitapika au akikataa kunyonya, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.