Viputo na kingo zinazokunjuka baada ya laminesheni

Salaam, ndugu yangu. Umeeleza kuwa stika ulizochapisha kwa wino wa solventi (kiyeyusho kinachotoka wino unapokauka) na kuzipiga laminesheni, yaani kuzifunika kwa filamu ya plastiki yenye gundi, jioni ileile zilionekana safi, lakini siku ya tatu zikatoa viputo vidogo na kingo zikaanza kukunjuka.

Kabla ya kulaumu gundi au mashine, chunguza kwanza ukavu wa wino, kwa maana uso unaweza kuwa mkavu mkononi huku solventi ikiendelea kutoka ndani, na ikifungiwa chini ya filamu hulainisha gundi. Mimi niliharibu bango zima la duka kwa haraka hiyohiyo. Tangu hapo huacha chapa saa 24 hadi 48, ikiwa imetandazwa au roli imelegezwa na kusimamishwa wima ili hewa ipite. Roli iliyobanwa haikauki katikati, hata ikikaa siku nyingi. Ukiinusa na bado inatoa harufu kali, ngoja.

Pia usiivute filamu inapoingia kwenye rola, kwani iliyonyooshwa hujirudi na kuinua kingo. Bila kuiona kazi yenyewe siwezi kukuhakikishia kipi kati ya hivyo viwili kimetawala.