Namba saba alikataa namba

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Ungekuwa mzazi, ungemlipia mwanao ada asomee sayansi ya jamii?" Mimi si mzazi. Mimi ndiye ninayelipiwa. Niko mwaka wa tatu, nasoma sosholojia, kwetu ni Marangu. Pengine swali halikunihusu, lakini limenikera kiasi cha kuniwashia kompyuta saa tano usiku, kwa sababu nimeshaulizwa sana. Baba yangu mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi pale Himo, na kila Desemba ukoo ukishajaa nyumbani, mbuzi ameshachomwa, ananigeukia mbele ya watu: "Na huyu wetu anasomea maneno." Binamu yangu wa uuguzi anaombwa apime watu presha. Wa uhasibu anapelekewa madaftari ya duka. Mimi natumwa kreti za soda.

Majibu ya kumjibu ninayo. Kuna maofisa ustawi wa jamii, kuna maofisa maendeleo wa kata, kuna mashirika. Nayapita haraka kwa sababu hata mimi hayanichangamshi. Nikibanwa sana huwa namkumbusha Wameru. Mwaka 1951 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi ipewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akapanda jukwaa la Umoja wa Mataifa kule New York kuieleza dunia. Hakwenda na bunduki wala saruji. Alikwenda na ushahidi wa watu wake, uliokusanywa na kupangwa. Hayo nayo ni maneno, baba mdogo.

Lakini swali ninalotaka kulijibu ni jingine. Mnauliza maswali yetu yanamgharimu kiasi gani mzazi. Mimi nauliza yanamgharimu nini yule tunayekwenda kumuuliza.

Mwaka jana darasa letu lilikwenda fildi. Kikundi chetu kilipewa Old Moshi, mada ikiwa namna familia zinavyoyakumbuka mambo ya mwaka 1900. Msomaji wa Moshi hahitaji kuelezwa, lakini kwa anayesoma akiwa Mtwara au Kigoma: mwaka 1892 watu wa Meli, mangi (yaani mtawala) wa Wachagga wa Moshi, waliwapiga Wajerumani, ofisa wao von Bülow akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na jeshi kubwa zaidi chini ya von Schele, wakaishika Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli na wenzake 18, miongoni mwao Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha, na wengine wa Meru na Arusha. Kapteni Johannes ndiye aliyekuwa mkuu wa boma la Moshi. Wazee husimulia kwamba Meli alichelewa sana kukata roho, na kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Na wakikaa vizuri huongeza kwamba maneno yaliyowafikisha akina Meli kwenye kitanzi yalitoka kwa Marealle, mangi wa Marangu, rafiki wa Wajerumani. Nimeshasema kwetu ni wapi.

Barua ya utambulisho ilitoka chuoni, ikapita mkoani kwa Katibu Tawala, ikashuka wilayani, ikafika kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji, kila ofisi na muhuri wake. Balozi ndiye aliyenifikisha kwa mzee. Nilipanda bodaboda kutoka Kiboriloni na kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikataja ukoo. Akauliza wa wapi. Nikasema Marangu. Mzee akanitazama, akaitazama sukari, akamtazama balozi. "Wa Marangu! Umekuja kuniuliza habari za Meli, na hata sale huna mkononi." Sale ni lile jani ambalo Mchagga hulibeba akienda kuomba msamaha. Bibi akacheka huko jikoni. Balozi naye akacheka, nami nikacheka kwa kuchelewa kidogo, kwani sikuwa na uhakika kama ni utani. Mpaka leo sina.

Tukakaa. Nikatoa fomu ya ridhaa. Kwa wasioijua, ni karatasi ambayo mtafiti anamsomea mtu kabla ya kumhoji, mtu akikubali anaweka sahihi au dole gumba. Nimefundishwa kuiheshimu na ninaiheshimu. Nikaanza kusoma: ushiriki wako ni wa hiari, unaweza kusitisha mahojiano wakati wowote, jina lako halitaandikwa mahali popote, utatambulika kwa namba, taarifa zako zitahifadhiwa kwenye kabati lenye kufuli.

"Namba ngapi?" akauliza.

"Saba, babu."

"Na kabati liko wapi?"

"Chuoni."

Akanyamaza, kisha akauliza kama mwalimu anayejua jibu: "Yale mafuvu ya watu wetu kule Berlin yalikaa wapi, mjukuu wangu?"

"Kwenye makabati."

"Yakiwa yameandikwa nini?"

"Namba."

"Haya. Endelea kusoma."

Sikuendelea. Fomu ilibaki magotini, na sentensi iliyofuata, inayohusu faida za utafiti kwa jamii, ingetoka mdomoni kwangu ikiwa imechacha. Mzee alikuwa ameyafuatilia mambo hayo kuliko nilivyodhani. Alijua kuhusu mate waliyotoa wazao wa walionyongwa ili vinasaba vyao vilinganishwe. Alijua kwamba Septemba 2023 majibu yalitangazwa Berlin: mafuvu 1,135 yaliyochunguzwa asili yake, mengi yakiwa ya Rwanda, 202 yakihusishwa na Tanzania, na machache yakaoana na familia zilizo hai hapa Kilimanjaro. Moja lilipata hadi jina, Akida, aliyekuwa mshauri wa Meli. Meli mwenyewe hakuonekana kwenye majibu yale. "Rais wao alikwenda Songea kuomba msamaha," akasema, akimaanisha ile Novemba ya 2023. "Songea ni mbali na hapa."

Fikiria sasa. Maabara, fedha, miaka ya kudai, barua za wajukuu, vyote vilifanywa ili namba iondoke na jina lirudi. Halafu mimi wa Marangu nimepanda bodaboda na karatasi yenye mihuri kwenda kumvua mtu jina nimpe namba, tena kwa nia njema kabisa.

Akaniomba kalamu. Kwenye kisanduku kilichoandikwa "Namba ya mhojiwa" akaikata ile saba kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jina lake, la baba yake, la babu yake na la ukoo, kwa mwandiko ule wa waliosoma middle school, herufi zimelala upande mmoja. Jina la ukoo halikutosha ndani ya kisanduku, likatokeza nje. Akanirudishia. "Sasa uliza."

Niliuliza mpaka jioni. Mengi alijibu kwa Kiswahili, na yaliyokuwa matamu zaidi aliyasema kwa Kimochi, Kichagga cha kwao, akimgeukia bibi, nami kwa Kivunjo changu, Kichagga cha Marangu, nikawa naokota neno hapa na neno pale. Aliniambia babu yake alikuwa na umri gani siku ile, nani alikimbia, nani alificha ng'ombe wapi. Kisha akaingia kwenye jambo ambalo halikuwemo kwenye maswali yangu: vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vilivyobadilisha mikono baada ya mangi kunyongwa. Akataja familia. Akaeleza walichokifanya wakati ule na walichopewa. Akanyoosha mkono kuonyesha ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba: "Hawa hapa."

Wakati mkono ukiwa bado hewani, kijana akatokea kwenye njia, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akatuamkia vizuri. Mzee akaitikia vizuri, akamuuliza hali ya mama yake, akamwambia asisahau kikao cha mazishi kesho. Kijana alipopita akaniambia, "Mmoja wao ni huyo."

Chuoni msimamizi wangu aliitazama fomu muda mrefu. Akasema jina litoke. Kanuni haina mlango wa pembeni, mhojiwa ni namba saba. Nikabisha. Nikasema mtu mzima, mwenye akili timamu, amekataa namba kwa mkono wake mwenyewe. Ridhaa gani hiyo inayompa hiari ya kukataa kila kitu isipokuwa fomu yenyewe? Akaniambia nina jazba. Ripoti ikaenda na namba saba, ikapata B+.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuwaambia wazazi wasilipe, na sababu nilikuwa nayo. Aliyeyakusanya mafuvu mengi ya Berlin, Felix von Luschan, hakuwa jambazi wa njiani. Alikuwa daktari, mwanaanthropolojia, mtu wa makumbusho. Maofisa wa kijeshi waliokuwa makoloni walimpelekea mifupa, naye akaipokea, akaipima, akaiorodhesha, kwa uangalifu ambao msimamizi wangu angeusifu. Huyo ni mmoja wa mababu wa kazi ninayosomea. Hakuna kozi ya ujenzi ambayo mwanafunzi anatakiwa kubeba babu wa namna hiyo. Mzazi ajue anapolipa ada kwamba mtoto anafundishwa ufundi ambao mikononi mwa mtu mpole, mwenye vibali vyote, ulishawahi kufanya vile.

Lakini nimeandika mpaka kwa yule kijana wa majani, na hapo nimekwama. Hakusaini chochote. Hakuna aliyemuuliza kama anaridhia babu wa babu yake aingizwe kwenye ripoti ya chuo. Ningeliandika jina la mzee, kila mtu Old Moshi angejua ng'ambo ya mfongo ule wanaishi akina nani, na kikao cha mazishi kingekuwa na viti vitupu. Mzee ana haki na jina lake. Lakini jina lake limepakana na majina ya wengine, kama vihamba vyenyewe. Nasema hivi shingo upande, lakini msimamizi hakukosea kote.

Wanaoandika historia simulizi huwataja wasimulizi wao kwa majina, ni jambo la kawaida kabisa kwao, na dunia haijaanguka. Kwa nini fomu zetu zisiwe na visanduku viwili, nitajwe, nisitajwe? Atakayetaka namba apewe namba. Na pale mtu anapomtaja jirani, hapo ndipo mtafiti afunge mdomo, hata msimulizi akisema andika. Hilo linahitaji mtu aliyekaa barazani akatazama, si kanuni peke yake. Nikisema hivyo nakuwa nimekiri kwamba masomo haya yana kazi, kwa sababu sikuzaliwa nikijua kutazama namna hiyo. Kabla ya chuo ningeirekodi ile habari ya vihamba kwenye simu na kuirusha kwenye grupu la ukoo, na wa Marangu tungeifurahia sana.

Basi ada. Mdogo wangu yuko kidato cha sita, anachukua HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na ameshaniuliza. Nilimwambia asomee uhasibu.

Najua nimezunguka kurasa nzima nikitetea kitu halafu nimemwelekeza mtu kwingine. Nilimwambia hivyo kwa sababu kahawa ya nyumbani hailipi ada mbili za namna moja, na kwa sababu mmoja wetu lazima awe na kazi ifikapo Desemba. Akisisitiza sitamzuia. Ila nitampa masharti: ajifunze Kichagga cha kukaa nacho barazani, chetu na cha wenzetu, kabla hajajifunza nadharia ya mtu yeyote, asiende kwa mzee na maswali ishirini yaliyochapwa, na akirudi, ripoti aipeleke kule ilikotoka. Hilo la mwisho naweza kulisema kwa sababu mimi nimelifanya. Nilirudi na nakala mwezi wa pili. Mzee aliisoma kwa miwani ya bibi, alipofika kwenye namba saba akatoa kalamu mfukoni, akarekebisha nakala yake, akaiweka ndani ya Biblia. Yangu nimeiacha ilivyo.

Kwa hiyo jibu langu, kama mnalihitaji kwa ajili ya hesabu yenu ya ndiyo na hapana, liandikeni hapana, na chini yake muweke kwamba mwenye jibu bado anasoma na hana mpango wa kuacha. Jina langu kamili mmelipata kwenye barua pepe, Mhariri, ila naomba msilichape. Old Moshi wakijua nani ameandika, watajua alikaa baraza la nani.

Msomaji, Marangu