Muumini akianguka ibadani, nani atawajibika?

SWALI: Kamati yetu inasimamia nyumba ya ibada yenye waumini wapatao 400. Tumechangisha fedha za mashine ya kushtua moyo kwa umeme (AED), lakini wajumbe wawili wanapinga. Wanasema tukiwa nayo na mtu akafa, tutashtakiwa. Je, ni kweli?

JIBU: Wasiwasi wao unaeleweka, lakini wanaogopa kisichostahili kuogopwa. Sheria za nchi nyingi humkinga anayemsaidia mgonjwa wa dharura kwa nia njema na bila malipo, hata kama mgonjwa hakupona. Uzembe uliokithiri ndio usiokingwa. Muulizeni wakili sheria ya kwenu inasemaje, na kampuni ya bima iwajibu kwa maandishi kama bima yenu ya dhima, ile inayolipa mkidaiwa fidia, inawagusa wanaojitolea au waajiriwa tu.

Kinachoponza ni mashine iliyonunuliwa ikasahauliwa: imefungiwa ofisini, ufunguo anao katibu, na katibu leo hakuja. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua wala kushtua moyo hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Itundikeni ukumbini, pasipo kufuli. Vibandiko vyake, vinavyobandikwa kifuani kupitisha umeme, vina tarehe ya mwisho wa matumizi. Gundi ikikauka havishiki. Havishiki pia kwenye jasho wala nywele nyingi, kwa hiyo wekeni pamoja na mashine taulo, wembe, na mkasi wa kukatia nguo. Kila wiki mtu mmoja aangalie taa inayoonyesha kuwa mashine iko tayari na atie sahihi daftarini. Mkiulizwa mahakamani mliitunzaje, daftari hilo litawasemea.

Kosa linaloua zaidi ni hili: mtu ambaye moyo umesimama huweza kukoroma au kutweta pumzi moja moja, na watu wakasema, "Anapumua, tumwombee." Hiyo si pumzi. Asiyeitika na asiyepumua kawaida ahudumiwe papo hapo. Mmoja apige simu ya dharura, mwingine afuate mashine, wa tatu akandamize katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana kila baada ya dakika 2. Mashine huelekeza kwa sauti, na haitashtua moyo usiohitaji kushtuliwa. Wanaoomba waombe, ila wasogee pembeni wampishe anayekandamiza. Na mtu asimame langoni kuwapokea watu wa ambulensi. Majengo mengi ya ibada yana milango mitatu au minne, nao hawajui mgonjwa yuko upande upi.